Aliye Ndani Haulizwi: Udhaifu wa Vidhibiti vya Nyumba Mahiri

Katika nyumba mpya zinazojengwa pembezoni mwa Kampala, huko Najjera, Kira, Lubowa na kando ya barabara ya Entebbe, si ajabu tena kukuta geti linalofunguliwa kwa simu, taa za uani zinazojiwasha jua linapozama, kamera zinazotazamwa na mwenye nyumba akiwa Mbarara au Dubai, pampu inayojaza tangi la maji mara umeme unaporejea, na kufuli la mlango wa mbele lisilohitaji ufunguo wa chuma. Kisichoonekana ni kisanduku kidogo, mara nyingi kilichowekwa nyuma ya televisheni au juu ya kabati karibu na ruta, ambacho huviunganisha vyote hivyo. Hicho ndicho kidhibiti. Kinazungumza na vifaa vya nyumba kwa mawimbi ya redio, kinatunza kanuni alizoziweka mwenye nyumba (kwa mfano, geti likifunguliwa baada ya saa nne usiku taa zote za uani ziwake), na kinapokea amri kutoka kwenye simu, ama kupitia mtandao wa ndani au kupitia seva ya mtengenezaji iliyoko ng'ambo.

Balbu moja ikidukuliwa, hasara huishia kwenye balbu hiyo. Kidhibiti kikidukuliwa, mvamizi anapata kila kilichounganishwa nacho, na juu ya hayo anapata kumbukumbu ya mwenendo wa nyumba: saa ambazo watu huondoka, saa wanazorudi, siku ambazo mlango wa nyuma haufunguliwi kabisa. Kwa hiyo inafaa kuuliza vidhibiti hivi huvunjwaje, na jibu lake ni la kawaida kuliko wengi wanavyodhani. Ukizipitia kasoro zilizochapishwa na watafiti tangu mwaka 2013 hadi sasa, utaona kwamba chache mno zilihitaji mtu kuvunja hesabu ngumu za usimbaji, yaani kuficha ujumbe usisomwe na asiye na ufunguo. Nyingi zilitokana na dhana moja ambayo wahandisi waliijenga ndani ya mitambo yao bila kuihoji, nayo ni kwamba yeyote aliyekwisha kuufikia mtandao wa nyumbani ni mtu wa nyumba hiyo. Ni kama ua wenye askari mkali getini anayemuuliza kila mgeni jina lake na anakokwenda, ilhali ndani ya ua hakuna chumba hata kimoja chenye kitasa. Ukishampita askari, hata kwa kuruka ukuta, hakuna atakayekuuliza tena.

Kisa cha VeraLite

Mfano unaoieleza dhana hiyo vizuri kuliko mingine ni wa zamani kidogo, lakini sioni uliouzidi. Mwaka 2013 Daniel Crowley na David Bryan wa kampuni ya usalama ya Trustwave, pamoja na mtafiti Jennifer Savage, waliwasilisha katika mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat huko Las Vegas matokeo ya uchunguzi wao wa vifaa kadhaa vya nyumbani. Mojawapo ya vifaa hivyo ni VeraLite, kidhibiti cha kampuni ya Mi Casa Verde kilichokuwa kikiongoza kufuli, taa na vihisi kwa mawimbi ya Z-Wave, mfumo wa redio ya masafa mafupi wa vifaa vya nyumbani.

VeraLite ilitoka kiwandani ikiwa na ukurasa wa mipangilio usiodai nywila. Mwenye nyumba aliyejali usalama aliweza kuiwasha nywila hiyo, na baada ya hapo ukurasa ulimtaka kila aingiaye ajitambulishe. Mpaka hapo mtu angesema kosa ni dogo, kwamba mtengenezaji alirahisisha mambo kupita kiasi na mteja makini akarekebisha. Tatizo ni kwamba ukurasa ule haukuwa njia pekee ya kuifikia VeraLite. Kifaa kilikuwa pia na huduma ya UPnP, itifaki iliyobuniwa ili vifaa vya nyumba moja vitambuane vyenyewe bila mtu kuhangaika na mipangilio, na ambayo kwa asili yake haiulizi nywila. Miongoni mwa amri zilizopokelewa kwa njia hiyo ilikuwamo moja iitwayo RunLua, ambayo iliichukua programu yoyote iliyoandikwa kwa lugha ya Lua na kuiendesha papo hapo kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Nywila aliyoiweka mwenye nyumba haikuihusu njia hiyo hata kidogo. Simu yoyote, kompyuta yoyote, au kifaa chochote kilichounganishwa na Wi-Fi ya nyumba kiliweza kuiamuru VeraLite kufanya lolote, pamoja na kufungua mlango.

Watafiti hao waliona mengine pia. Mtumiaji aliyepewa haki ndogo, tuseme mgeni aliyeruhusiwa kuwasha taa tu, aliweza kufanya mambo yaliyopaswa kuwa ya mwenye mtambo peke yake, kwa sababu programu ilihakikisha kwamba ameingia lakini haikuhakikisha kwamba ana ruhusa. Kulikuwa pia na mwanya wa kusoma mafaili ya ndani ya mfumo kwa kuandika njia ya faili kwa ujanja, na mwingine wa kukitumia kidhibiti kama mpatanishi, yaani kukiagiza kikatembelee anwani nyingine kwa niaba ya mvamizi.

Lakini mwanya unaostahili kuangaliwa kwa utulivu ni ule unaopitia kivinjari, maana ndio unaobatilisha kabisa hoja ya kwamba mtandao wa ndani uko salama nyuma ya ruta. Tuchukue mfano wa mtoto wa nyumba hiyo anayefungua, kwenye kompyuta ya sebuleni, tovuti ya kupakua filamu bila malipo. Ndani ya ukurasa ule mmefichwa maagizo machache yanayokiambia kivinjari kitume ombi kwenye anwani ya ndani, tuseme 192.168.1.20, ambako kidhibiti kinakaa. Kivinjari kinatii, kwa sababu kutuma maombi ndiyo kazi yake. Kidhibiti kinaona ombi linalotoka kwenye kompyuta ya sebuleni, kinaliamini, na kinatekeleza. Mvamizi yuko bara jingine, hajawahi kuigusa ruta, hajui hata nyumba iko mtaa gani, na ukuta wa ruta haukumzuia kwa kuwa amri yenyewe imeanzia ndani. Vivinjari vya siku hizi vimeanza kuweka vizuizi kwenye njia hii, jambo jema, lakini mtambo unaofungua milango haupaswi kutegemea kivinjari cha mtu mwingine kiwe na busara.

Nani yuko ndani?

Wahandisi walipoichora nyumba mahiri walifikiria familia ya watu wanne wenye Wi-Fi yao peke yao. Ukiuleta mtambo huo Kampala, picha inabadilika. Katika ua mmoja huwa kuna nyumba kubwa na vyumba vya uani vilivyopangishwa, na Wi-Fi ni moja kwa wote. Simu ya askari imo, ya msaidizi wa nyumbani imo, na ya mpangaji aliyehama mwaka juzi bado inaijua nywila. Siku ya kwanjula, sherehe ya kutambulisha wachumba, wageni mia wanapojaa chini ya mahema, nywila hutajwa kwa sauti kutoka meza hadi meza. Simwambii mtu awe mchoyo wa intaneti kwa wageni wake. Nasema tu kwamba kidhibiti kinachomwamini kila aliye kwenye mtandao huo kimewaamini watu wote hao, pamoja na programu zote zilizomo katika simu zao, ambazo wenyewe hawazijui.

Tena aliye ndani si lazima awe mtu. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilisambaa kwa kujaribu majina na nywila za kiwandani zipatazo 60 kwenye kamera, rekoda za video na ruta duniani kote. Wamiliki hawakuwa wamezibadilisha nywila hizo, na katika baadhi ya vifaa hata wangetaka wasingeweza, kwa kuwa zilikuwa zimeandikwa ndani ya mfumo wenyewe. Jeshi hilo la vifaa ndilo lililotumika tarehe 21 Oktoba 2016 kuizidi nguvu kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti nyingi mashuhuri, hata Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa katika sehemu za Marekani na Ulaya. Habari hiyo ilisimuliwa sana kama shambulio dhidi ya tovuti kubwa. Kwa mwenye nyumba funzo ni jingine: kamera ya bei rahisi iliyotekwa tayari iko ndani ya mtandao wake, pembeni ya kidhibiti, na inaaminiwa.

Hata balbu inaweza kuwa daraja. Mwaka 2020 watafiti wa Check Point walieleza namna ya kuitumia balbu ya Philips Hue kuingia katika mtandao wa nyumba. Mvamizi anaiteka balbu kwa mawimbi ya redio, kisha anaibadilisha rangi na mwanga ovyo mpaka mwenye nyumba achoke. Mwenye nyumba anafanya kile ambacho yeyote angefanya: anaiondoa balbu kwenye programu ya simu na kuiunganisha upya. Katika dakika hiyo ya kuungana upya, balbu inapeleka kwenye kidhibiti data nyingi kuliko kumbukumbu ya kidhibiti iliyotengwa inavyoweza kubeba, data hiyo inafurika, na mvamizi anapata nafasi ya kuendesha programu yake ndani ya kidhibiti ambacho kimeunganishwa kwa waya na ruta. Philips walitoa sasisho Januari mwaka huo. Kinachonivutia macho hapa ni kwamba mlengwa wa hila yote alikuwa mwenye nyumba na desturi yake ya kuondoa na kuunganisha upya.

Na kuna njia ya kale kuliko zote, ya mwenye nyumba kuufungua mtandao wake mwenyewe ili aweze kuendesha taa akiwa safarini. Mwaka huohuo wa 2013 mwandishi wa habari wa Forbes, Kashmir Hill, aliandika jinsi alivyozikuta kwa injini ya utafutaji ya kawaida nyumba za watu asiowajua waliotumia mfumo wa Insteon wa toleo la zamani, usiodai nywila, na akampigia simu mmoja wao na kumwashia na kumzimia taa za chumba cha kulala kutoka mbali. Nchini Uganda njia hii imebanwa kwa bahati. Kaya nyingi hupata intaneti kwa laini za simu, ambako wateja wengi hushirikishwa anwani moja ya nje, na mtu wa nje hawezi kuifikia ruta ya nyumba fulani moja kwa moja. Bahati hiyo humalizika pale fundi wa kamera anapomshauri mteja wa nyuzi za kioo kuomba anwani ya kudumu na kufungua milango kwenye ruta, yaani njia za kuingilia kutoka nje, ili rekoda itazamwe kwa urahisi.

Mawimbi hayajui ukuta

Upande wa redio unafuata mantiki ileile, ila hapa "ndani" ina maana ya umbali ambao mawimbi yanafika, na mawimbi hupita ukuta wa matofali bila kuomba ruhusa.

Vifaa vingi vya Z-Wave na vya ZigBee, mfumo mwingine wa redio wa aina hiyo, husimba mazungumzo yao, na usimbaji wenyewe ni imara. Udhaifu umekuwa kwenye dakika ya kuoanisha, yaani pale kifaa kipya kinapokabidhiwa ufunguo wa mtandao kwa mara ya kwanza. Kifaa kipya hakina siri yoyote ya pamoja na kidhibiti. Basi ufunguo utatumwaje bila kusikika? Toleo la zamani la usalama wa Z-Wave, lijulikanalo kama S0, lilijibu kwa kuusimba ufunguo huo kwa ufunguo wa muda wa sifuri kumi na sita, unaojulikana na kila mtu. ZigBee nayo ilikuwa na ufunguo wa msingi wa pamoja, na ufunguo huo ni maneno "ZigBeeAlliance09" tu. Anayesikiliza wakati wa kuoanisha anaondoka na ufunguo wa nyumba nzima. Watetezi wa miundo hiyo walisema kwamba dakika hiyo ni fupi na hutokea mara moja. Ni kweli, lakini mwaka 2013 Behrang Fouladi na Sahand Ghanoun walionyesha kufuli la mlango lililokubali kubadilishiwa ufunguo hata baada ya kuoanishwa, kwa sababu mtengenezaji alisahau kuhakikisha kwamba ufunguo tayari upo. Mvamizi hakulazimika kuisubiri dakika ile, aliiunda mwenyewe.

Z-Wave ilitoa toleo la S2, lenye namna bora ya kubadilishana funguo, na tangu Aprili 2017 vifaa vipya haviidhinishwi bila hilo. Ila ili vifaa vya zamani visitupwe, vidhibiti viliendelea kuielewa S0. Mwaka 2018 kampuni ya Pen Test Partners ya Uingereza ilionyesha kwamba mtu aliye karibu anaweza kuuchezea ujumbe wa kujitambulisha wa kufuli, kidhibiti kikadhani kufuli haliijui S2, na vyote viwili vikarudi kwenye sifuri kumi na sita. Huu ni ugonjwa wa kawaida wa mifumo inayojali wateja wake wa zamani: usalama wake unashuka hadi kiwango cha kifaa dhaifu kuliko vyote inavyokubali kuzungumza navyo.

Mwaka 2016 kundi lililomjumuisha Adi Shamir, mmoja wa wabunifu wa usimbaji wa RSA, lilirusha ndege isiyo na rubani kuelekea jengo la ofisi katika mji wa Beersheba, Israeli, na kutoka umbali wa mita 350 hivi likazifanya balbu za Hue ndani ya jengo hilo zimulike ishara ya kuomba msaada. Walikuwa wamefanikiwa kuupata ufunguo ambao mtengenezaji aliutumia kuthibitisha masasisho ya balbu zote za aina hiyo, kwa kupima umeme unaotumiwa na chipu. Siri moja iliyogawiwa mamilioni ya vifaa huacha kuwa siri siku kifaa kimoja kinapofunguliwa mezani, na katika kazi hii yote sijui kosa linalorudiwa zaidi ya hilo.

Kwa msomaji wa Kampala, hata hivyo, redio iliyo na hatari ya karibu zaidi ni ya geti. Rimoti nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya megahezi 433 na hutuma namba ileile kila kitufe kinapobonyezwa. Kuna vidhibiti vinavyouzwa kwa sifa ya "kujifunza" rimoti hizo: unabonyeza mara moja mbele yake, kinaikariri namba, na tangu hapo geti linafunguliwa kwa simu. Mnunuzi hufurahi. Angepaswa kushtuka, kwa kuwa kama kisanduku cha bei ndogo kimejifunza kufungua geti lake kwa kuisikia rimoti mara moja, mtu aliyeegesha pikipiki ng'ambo ya barabara akiwa na kifaa cha aina hiyo anaweza kujifunza vilevile. Rimoti bora hubadilisha namba kila mara. Hata hizo si ngome kamili. Mwaka 2015 Samy Kamkar alionyesha kifaa kinachozuia mawimbi na kurekodi kwa wakati mmoja, kikaiba namba ambayo bado haijatumika. Lakini hila hiyo inadai subira na kuwapo mahali hapo, ilhali kuirudia namba isiyobadilika hakudai chochote.

Vihisi vya milango vya masafa hayohayo vina kasoro yao: vingi hutuma tu bila kusubiri jibu. Mtu akiyajaza masafa kelele, taarifa ya mlango kufunguliwa haifiki, na kidhibiti kinautafsiri ukimya kuwa amani. Mifumo iliyobuniwa kwa uangalifu hukitaka kila kihisi kijitangaze mara kwa mara, na huonya kinaponyamaza.

Programu zilizopewa zaidi ya zilichoomba

Kidhibiti cha leo ni kompyuta, na kompyuta hualika programu za watu wengine. Mwaka 2016 Earlence Fernandes na Atul Prakash wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na Jaeyeon Jung wa Microsoft, walizichunguza programu 499 za SmartThings, jukwaa la nyumba mahiri, na kukuta kwamba zaidi ya asilimia 55 zilikuwa na mamlaka makubwa kuliko kazi zake zilivyohitaji. Programu iliyojidai kuangalia kiwango cha betri tu iliweza kuzisoma namba za siri za kufuli la mlango na kuzituma nje. Ruhusa zilitolewa kwa kifaa kizima badala ya tendo moja moja, hivi kwamba ukiomba kuangalia kufuli, unapewa na kulifungua.

Home Assistant, mfumo huria unaopendwa na mafundi kwa sababu unaweza kufanya kazi bila seva ya ng'ambo, nao haukusalimika. Machi 2023 walitangaza kasoro iliyopewa alama 10 kati ya 10 za ukali: sehemu ya mfumo iitwayo Supervisor iliweza kufikiwa bila kujitambulisha, na udhaifu huo ulikuwapo tangu sehemu hiyo ilipoanzishwa mwaka 2017. Nauweka mfano huu makusudi, kwa kuwa kuna imani kwamba programu huria, kwa kuwa msimbo wake uko wazi, huwa salama moja kwa moja. Msimbo ulikuwa wazi kwa zaidi ya miaka mitano. Kilichoutofautisha mradi huo na wengi ni namna ulivyotangaza kosa lake upesi na masasisho yakawafikia watumiaji yenyewe.

Linganisha na plagi ya Wemo Mini ya toleo la pili. Watafiti wa Sternum waligundua mwaka 2023 kwamba programu ya simu ilimzuia mtumiaji kuipa plagi jina linalozidi herufi 30, lakini plagi yenyewe haikuhesabu. Aliyetuma jina refu bila kupitia programu ya simu aliifurisha kumbukumbu ya plagi na kupata njia ya kuiamuru. Ukaguzi ulikuwa umewekwa mikononi mwa mtumaji. Belkin, mtengenezaji wake, alijibu kwamba bidhaa hiyo imefikia mwisho wa muda wake na haitarekebishwa.

Akaunti, laini ya simu na fundi

Kwa kuwa nyumba nyingi hapa hazifikiki moja kwa moja kutoka nje, amri ya "fungua geti" inayotumwa kutoka ofisini Nakasero hupitia kwanza kwenye seva ya mtengenezaji, kisha hurudi hadi nyumbani. Kwa mfumo wa namna hiyo ufunguo halisi wa nyumba ni akaunti ya simu. Akaunti nyingi hurejeshwa kwa ujumbe mfupi unaotumwa kwenye namba ya simu, na hapo usalama wa mlango unahamia kwenye usalama wa laini. Aliyefanikiwa kuibadilisha laini ya mtu kwa ulaghai, au aliyeuziwa namba iliyorudishwa sokoni baada ya mwenyewe kuiacha, anaweza kujikuta na nyumba isiyo yake. Kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya kutengeneza namba za muda, badala ya ujumbe mfupi, ni kazi ya dakika chache.

Ila naona hatari inayozungumzwa kidogo kuliko uzito wake ni ya fundi. Mwenye nyumba humkabidhi fundi kazi yote, na fundi, ili asisumbuke, husajili kidhibiti kwa barua pepe yake mwenyewe, huweka nywila moja anayoitumia kwa wateja wote, kisha humwongeza mwenye nyumba kama mtumiaji wa pili. Hakuna nia mbaya hapo. Ni njia ya mkato ya mtu mwenye nyumba tatu za kufunga kwa siku moja. Matokeo yake ni kwamba kisheria nyumba ni ya aliyeijenga, lakini kwenye seva mmiliki ni fundi, na simu ya fundi ikiibwa ndani ya teksi pale Old Taxi Park, mwizi amepata nyumba za wateja wake wote. Malipo ya mwisho yasitolewe kabla akaunti kuu haijasajiliwa kwa barua pepe ya mwenye nyumba, mbele ya macho yake.

Sheria za Uganda, yaani Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, zinamwadhibu anayeingia bila ruhusa na zinambana anayekusanya taarifa za watu. Zinashughulika na mtu zaidi kuliko kifaa. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, inakataza kuuza vifaa vya nyumbani vyenye nywila moja ya kiwandani na inamtaka mtengenezaji aseme masasisho yatadumu hadi lini. Mnunuzi wa Kampala anaweza kuinufaikia sheria hiyo bila kuvuka bahari: akiambiwa dukani kwamba kifaa ni "cha UK", atafute tamko hilo la muda wa masasisho. Lisipokuwapo, ajue anachonunua. Na hata tamko likiwapo, kampuni huweza kufa au kubadili nia. Vidhibiti vya Revolv vilizimwa mwaka 2016 baada ya kampuni kununuliwa na Nest, na Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika ghafla bila wateja kuonywa.

Yanayobaki ni ya kiufundi na hayana gharama kubwa. Ruta nyingi zinazouzwa hapa zina mtandao wa wageni: simu za wapangaji, askari na wageni ziwekwe huko, na kamera za bei nafuu zitengwe mbali na kidhibiti. UPnP izimwe kwenye ruta. Kufuli na geti vioanishwe kwa S2 pale inapowezekana, na kidhibiti kikisema kimeoanisha kwa kiwango cha chini, kazi irudiwe badala ya kuachwa kwa kuwa "imekubali". Anayetaka kuifikia nyumba kutoka mbali bila kutegemea seva ya mtu atumie VPN (njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye mtandao wake wa nyumbani), asifungue milango kwenye ruta. Na mwenye inverta aiunganishe ruta na kidhibiti humo, kwa sababu mfumo wa ulinzi unaolala kila umeme unapokatika una ratiba ambayo jirani yeyote anaweza kuisoma.

Nyumba ikibadilisha mkaaji, kama zinavyobadilisha mara kwa mara zile za kupangisha za Kololo na Naguru, kubonyeza kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani hakutoshi. Katika mifumo mingi kifaa hubaki kimefungwa kwenye akaunti ya mtu wa awali upande wa seva, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kukiondoa, na hilo liandikwe kwenye mkataba wa makabidhiano pamoja na funguo za chuma. Baada ya hapo kila kufuli lioanishwe upya ili mtandao upate ufunguo mpya, namba zote za siri za milango zifutwe, na rimoti za geti zifutwe kwenye kumbukumbu ya mota na kuingizwa upya zile tu ambazo mpangaji mpya amezishika mkononi.